Papa na Panya wa Masako

Papa yangu alikuwa mtu wa watu. Katika parsele yetu, ua wa nyumba kadhaa mtaani Tshopo, wanaume walikula nje pamoja, na yeye ndiye aliyewaita kwenye ndizi za kutwanga: "Kuya, batu! Lituma inapoa!" Lakini alikuwa karani wa serikali, na kila asubuhi kabla ya kazi makarani wote walilazimika kucheza na kuimba kukisifu Chama kilichotawala nchi. Siku moja mtu akapeleka habari kwa watu wa usalama kwamba wakati wa nyimbo midomo ya papa haifunguki. Hawakumfunga. Walimwita kumhoji, wakamwachia, wakamwita tena, miaka na miaka.

Akaanza kula ndani, mlango umefungwa. Jirani akimsalimu, yeye anatazama viatu vyake. "Iko na kiburi," majirani wakasema. Mama alidai amelogwa. Mimi, na mdomo wangu huu, nilimgombeza: "Papa, hata sisi tumekukosea nini?" Akanigeuzia mgongo. Niliogopa kwamba tumempoteza angali hai.

Miaka hiyo nilisoma biolojia, nikimsaidia profesa kufuga panya wa msitu. Kundi moja lilikaa Masako, msituni nje ya mji, kwenye utulivu. Lingine lilikaa mjini, kando ya uwanja ambapo ngoma za Chama zilipigwa kutwa. Wale wa Masako walilala wamerundikana, wakisafishana masikio. Wa mjini, kila mmoja na kona yake. Nikawafokea: "Na ninyi muna kiburi?"

Kisha profesa akanionyesha kwenye hadubini vipande vyembamba vya bongo zao, kutoka sehemu ya mbele, ile inayomsaidia mnyama kuishi na wenzake. Seli ya panya wa Masako ilikuwa na matawi juu ya matawi. Ya panya wa mjini ilikuwa imebaki vishina, kama kisamvu kilichochumwa chote. Mungu wangu! Kumbe hofu haipiti tu moyoni, inaingia na kupogoa nyama yenyewe! Nilitazama tena na tena.

Akaweka kipande cha tatu: panya wa mjini aliyehamishiwa Masako akakaa huko miezi. Matawi yalikuwa yamechipua. Si yote, lakini yamechipua! Machozi yakanitoka.

"Ni panya," profesa alinionya. "Usimtibu mtu kwa panya."

"Ndiyo, profesa," nikasema, na jioni ileile nikamwambia mama tumuache papa apumzike.

Alipopata likizo ndefu ya ugonjwa, tulimpeleka Masako kwenye shamba la tonton, mdogo wa mama. Nilikwenda kila nilipoweza. Hakuna aliyemuuliza neno. Alilima, akaoga mtoni, akalala mchana.

Siku moja tulikuwa tumeketi kwenye gogo, tukimenya muhogo. Papa akaweka kisu chini, akanitazama machoni.

"Binti yangu," akasema, "miaka yote nilikuwa nawaza weye njo uliwaambia midomo yangu haifunguki."

Yeye akasogea, akaniegemea begani, akasinzia.