Mlima wa Neema

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kusugua anga. Siku ya kwanza niliketi nyuma ya nyumba yetu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nikiwa na kiboksi cha rangi za maji nilichonunua Lilongwe na ubao uliokuwa mlango wa kabati. Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama mikono ya watu nisiowajua. Anga yangu ilipokauka na doa, nikachukua kitambaa chenye maji, nikaisugua mpaka karatasi ikaota manyoya. Rangi ya maji haisahihishwi hivyo. Weupe wa picha ni karatasi yenyewe. Ukiuharibu, hakuna rangi ya kuurudisha. Niliyaelewa hayo jioni ileile, na bado nimesugua anga nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Sina umri wa kuitwa mzee. Naandika kwa sababu wadogo wa kanisani wameanza kuniuliza kazi hii inafanywaje, nami naona aibu wakiniita fundi.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Mtandire, mtaa wa Lilongwe, kwa mtu wa Uvira, Kongo, aliyechora mabango. Sote tuliomfanyia kazi tulimwita Patroni, yaani bosi. Kila asubuhi, kabla hajafika, nilipaka mandhari moja ndogo ya ukubwa wa kiganja: mabati, moshi, miti michache. Nililowesha karatasi kwanza ili rangi ya anga ijitawanye yenyewe, nikangoja ikauke, kisha nikapaka vilima vya mbali kwa rangi nyepesi na vya karibu kwa rangi nzito. Zote nilizichana. Siku moja Patroni alinikuta nahangaika na bango la kinyozi.

"We kijana, hii mawingu yote iko ya nini?"

"Haijakaa vizuri, Patroni."

"Kinyozi anafungua kesho. Batu banakuja kunyoa mawingu?"

Wenzangu walicheka. Nilicheka nao, kisha nikaenda chooni nikalia.

Baadaye nilipata kazi mtaa wa Area 18, Lilongwe, kwa Madamu mmoja Mmalawi aliyetaka binti zake wafundishwe kuchora. Aliniuliza kwa Kichewa, kwa upole, mbona picha zangu mwenyewe hajawahi kuziona. Nikamwambia bado zinakauka. Nilimjibu hivyo kila aliponiuliza, mpaka akaacha kuuliza.

Aibu yenyewe hasa ilinipata nyumbani. Jirani yetu Mama Neema, fundi cherehani kutoka Bukavu, alipata safari ya kuhamia Kanada na binti yake, mtoto mdogo aliyezaliwa hapa kambini. Alinifuata na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Mdogo wangu, unichoree ile mulima yenye inaonekana pa mlango yangu. Kidogo tu, iingie kwa sakoshi. Mi niko na Bukavu kichwani. Neema hana. Kwao ni hapa."

Niliupaka mlima siku hiyohiyo. Ulikuwa mzuri, leo naweza kusema. Siku ile niliona tu kwamba bega lake la kushoto lilikuwa na buluu nyingi mno. Nikasugua, nikaharibu, nikaanza mwingine, na mwingine.

Asubuhi ya safari Mama Neema alinisubiri kando ya basi, mtoto mgongoni.

"Iko wapi?"

"Bado kidogo, mama. Nitaituma."

"Kimbia ulete vile iko."

"Haijafika mahali pake."

"Mi sikukuomba ifike! Nilikuomba mulima."

Sikukimbia. Nyumbani kulikuwa na mlima mmoja, mkavu, umekamilika kwa macho ya mtu yeyote isipokuwa mimi. Basi likaondoka.

Mvua zikapita, baridi ikaja. Niliendelea kuupaka mlima ule kila nilipotoka kazini, mpaka nikapata mmoja ambao sikuona kosa ndani yake. Nikaupiga picha kwa simu nikamtumia Mama Neema.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti. Nilimsikia akimwita binti yake: "Neema, kuya uone. Hapa ni wapi?"

Kisha sauti ya mtoto: "Sijue. Ni kwa nani?"

"Ni kwetu, mwanangu. Huoni mulima?"

"Hapana."

Mama Neema alicheka kidogo, kama mtu anayefunika chungu kilichopasuka mbele ya mgeni. "Aksanti, mdogo wangu," akaniambia. "Iko muzuri sana."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu nishike brashi. Niliyasikiliza mara moja tu, nikaiweka simu kifudifudi kitandani.

Bado napaka kila asubuhi, na bado naona makosa. Lakini sasa picha niliyoombwa inaondoka mikononi mwangu siku ileile ninayoipaka.