Mashati ya Fundi Mwashi

Kwa maneno, yule wakili ni mkono wa birika. Nilimganda nipate habari za maisha yake niziandikie kitabu, akanijibu jambo moja tu: "Kawaandike walioko gerezani. Mimi nina nini?" Picha hataki. Tuzo akipewa, anamtuma tarishi akaichukue. Nikasema haya, tutaona nani mkaidi, nikaanza kuzungukia mlango wa nyuma.

Aliyenimwagia mtama ni mpiga chapa wake wa zamani, mama asiyenyamaza hata akitafuna. Alinisimulia kesi ya fundi mwashi aliyeshtakiwa kumuua askari, akapigwa mahabusu mpaka akakiri. Mawakili walizuiwa kumwona, ila ndugu waliruhusiwa kumpelekea nguo safi na kuondoka na chafu. Basi wakili wetu akavua suti, akavaa ndala, akawa anaingia kila Jumapili kama shangazi mtu. Walinzi walimzoea hadi wakawa wanamtania: "Shangazi, leo umetuletea nini?" Picha moja tu gazetini ingemponza, na hapo nikaelewa kwa nini anajificha. Kila shati alilotoka nalo lilikuwa limeganda damu mgongoni. Aliyaficha nyumbani chini ya kitanda, kwa kuwa ofisi ilipekuliwa kila mara. Hakuwa na ushahidi mwingine wa kipigo kile.

"Siku ya siku akafungua begi mbele ya jaji," mpiga chapa alisema. "Mashati meupe pee! Yamepigwa pasi, yananukia sabuni. Mwendesha mashtaka akacheka mpaka akashika meza. 'Mheshimiwa, aliyeteswa hupendeza hivi?' Watu wakaangua kicheko. Hata fundi alicheka, maskini, alidhani ni mbinu ya wakili wake."

Fundi akafungwa maisha. Mawakili wenzake walisema wakili wetu kahongwa.

Nikaenda kwa mama wa wakili, bibi mkunjufu anayeishi na bintiye. Huyo hakuhitaji kubembelezwa.

"Mwanangu msomi, lakini mchafu, Mungu anisamehe," alisema. "Siku moja nafagia uvunguni nakuta begi la mashati ya kiume, yananuka! Nikafurahi. Umri ulikuwa unamwacha, nikasema kumbe kuna mkwe! Nilipoona damu nikajua huyu mchinjaji, nyama hatutakosa. Nikayaloweka kwa chumvi, nikayasugua mpaka vidole vikachubuka. Nikayapiga pasi, nikayarudisha begini vilevile, nisimwaibishe mtoto wa watu."

Nilicheka naye, kisha nikaaga, nikaenda moja kwa moja kwa bintiye.

Nilimkuta wakili ofisini akila mkate mkavu juu ya mafaili. Aliniangalia usoni, akajua.

"Umeongea na mama."

"Nimeongea naye. Akiapa mahakamani kwamba ndiye aliyeyafua, rufaa si itasikilizwa?"

"Itasikilizwa."

"Sasa unangoja nini?"

Akaukunja mfuko wa mkate taratibu. "Mama ana moyo mbovu. Akijua alichokifanya, hafiki wiki. Mambo yake yakiisha, nitakula kiapo mwenyewe."

"Yaani fundi anangoja mama yako afe?"

"Punguza sauti," alisema.

Nilimchukia. Mtu aliyebeba watu wote wa gereza mabegani, akamwacha mmoja aoze ili asimwone mama yake akilia! Na kiapo chake mwenyewe, cha wakili aliyeshindwa na kusemwa kahongwa, nani angekiamini? Hilo alilijua kuliko mimi.

Nikarudi kwa bibi. Alikuwa kibarazani ananyoosha shuka, akaniita kwa furaha.

"Wewe unayezunguka kutafuta habari, yule mkwe wangu mchinjaji umempata? Hakuja hata kusema asante. Au kaoa kwingine?"

"Hajaoa, mama."

"Ehee!" Akaiweka pasi pembeni, uso umemchanua. "Yuko wapi?"

Nikavuta kigoda nikakaa, nikamwambia yuko wapi, na kwa nini.