Nilimpeleka Mkorofi, Akaulizwa Mpole

Mwanangu wa miaka sita aligawa midoli yake yote kwa watoto wa jirani, akarudi ndani, akalala. Saa tisa mchana!

Mimi nikasema, "Jamani, huyu mtoto ana moyo wa kutoa!"

Nikajisifu kabisa.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alifariki mwaka jana, akaniachia mabinti wawili. Mdogo, huyo wa midoli, tunamwita Mpole. Mkubwa, wa miaka kumi na minne, ni Pilipili.

Tangu msiba, Pilipili alikuwa haambiliki. Milango anabamiza. Neno moja, anakurudishia kumi. Shuleni alama zikaporomoka.

Mpole hakuwa na shida. Tumbo tu, kila asubuhi. Vipimo? Safi.

Nyumba ina watu watatu, lakini kinachoongea ni cherehani.

Siku Pilipili alipompiga mwenzake darasani, mwalimu akatuelekeza kwa mshauri wa watoto, hospitalini. Mpole sikuwa na wa kumwachia, nikaenda naye.

Mshauri, mama wa makamo, alimsikiliza Pilipili hadi mwisho. Kisha akamgeukia Mpole.

"Na wewe, mwanangu, unapenda mchezo gani?"

"Sichezi."

"Tangu lini?"

Mpole akainamia viatu vyake. Aliyejibu ni dada yake.

"Tangu baba afe. Asubuhi hataki kuamka, mimi ndiye namvalisha. Anasema anataka kumfuata baba. Ndiyo maana aligawa midoli yake."

Nikamgeukia Pilipili.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, mama. Ukasema nimalize kwanza kufagia."

 

Mshauri akasema taratibu, "Mama, wote wawili wana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Ni ugonjwa, si tabia. Kwa mkubwa inatoka kama hasira. Kwa mdogo inatoka tumboni. Inatibika, ila huyu mdogo tunaanza naye leo hii."

Sasa ni mwezi wa nne tangu tuanze matibabu. Kila Jumanne tupo pale. Mpole anatibiwa kwa michezo na kuchora, Pilipili kwa mazungumzo. Mimi nafundishwa kuzima cherehani na kukaa nao.

Milango bado inabamizwa, siwadanganyi.

Ila juzi Mpole aliniuliza, "Mama, baba alipenda wimbo gani?"

Nikauanza. Ukanishinda katikati.

Pilipili akaumalizia.

Wazazi wenzangu, mtoto hajui kusema "nina huzuni". Wa miaka sita atasema tumbo. Wa kumi na minne atasema niache.

Na yule asiyekusumbua kabisa, mwangalie mara mbili.