Maua Yasiyomwagiliwa

Joto la mwaka ule liliua kila nilichopanda pale mtaani Rahaleo: mawaridi, asumini, hata mchaichai wa chai yangu. Bomba halikutoa maji. Nilinuna kama niliyefiwa. Ila maua fulani ya rangi ya waridi niliyoyakuta nilipohamia, chini ya dirisha la chumbani, yalinawiri bila tone la maji. Nikamwita jirani yangu, mama wa Kimakonde, nimringishie.

Aligoma kuyasogelea. "Mwalimu, haya sisi hatupandi nyumbani. Tunapanda kaburini, maana hayafi hata kiangazi kikikaza. Kibao kikioza, bado tunajua mtu amelala wapi."

Nikayatazama upya. Yaliota mafungu mawili, yote yameelekea upande mmoja: moja la urefu wa mtu mzima, na jingine, ubavuni mwake, fupi kama mkono wangu.