Mkebe Uliozibwa kwa Sabuni

Muhula ule nilikaribia kulia, na wala si kwa huzuni. Miaka ya themanini nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya wasichana upande wa Mutomo, na kidato cha tatu kilikuwa kimenishinda. Naandika ubaoni: gari lina kasi ya mita kumi kwa sekunde, baada ya sekunde tano lina thelathini, kila sekunde limeongeza ngapi? Darasa zima linajibu sita. Wamechukua thelathini wakagawanya kwa tano.

"Na hiyo kumi ya mwanzo mmeiacha wapi?"

Kesho yake, sita tena. Sikio la kufa halisikii dawa, nikawa nawaambia usoni.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshanionya: wakianguka tena, fizikia inaondolewa, wasichana wafundishwe ushonaji. Na wengi wao walitaka uuguzi, ambao haukupokea mtu bila sayansi.

Vifaa hatukuwa navyo. Nikaazima mkokoteni wa mpishi, bila punda wake. Nikatoboa mkebe wa mafuta ya kupikia tundu dogo, nikaufunga nyuma na kuujaza maji. Matone mawili yangeanguka kila sekunde, na kwenye vumbi la mteremko wa jikoni tungeona jinsi yanavyozidi kuachana. Asubuhi nilijaribu, yakadondoka vizuri. Mchana nikaleta darasa, mwalimu mkuu naye akaja kutazama. Tukausukuma mkokoteni. Hakuna hata tone.

Mpishi akatoka jikoni akijifuta mikono. "Mwalimu, hiyo mkebe yako ilikuwa inavuja. Nimeiziba na sabuni."

"Mama, nilitaka ivuje."

Alinitazama kwa huruma. Maji yetu yalichimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, yakabebwa na punda kutwa nzima, na mimi nilitaka kuyamwaga njiani. "Basi tumia hii maji ya kuosha sufuria," akasema. "Hiyo ingine ni ya chai."

Nikabandua sabuni kwa kucha, hasira zimenijaa, tukasukuma tena. Matone ya maji machafu yakajipanga kwenye vumbi, ya kwanza yakikaribiana, ya mwisho yakiachana mbali. Tukapima. Mwanzoni mkokoteni ulienda mita moja kwa sekunde. Sekunde nne baadaye, mita tatu.

Mwalimu mkuu hakuweza kujizuia. Akaokota kijiti, akaandika chini tatu, akagawanya kwa nne. "Robo tatu," akasema, akajinyoosha.

Nilifumba macho. Hata huyu.

Msichana mmoja, wa wale waliojibu sita kila siku, alikuwa amechuchumaa kwenye tone la kwanza. "Mwalimu, hii tone ikianguka, mkokoteni tayari ilikuwa inatembea. Hiyo spidi ya kwanza si lazima tuitoe?" Akahesabu kwa vidole. "Tatu toa moja ni mbili. Mbili gawanya kwa nne ni nusu."

Kisha akamgeukia mwalimu mkuu kwa heshima zote, mikono nyuma. "Na wewe, sir, hiyo moja umeiacha wapi?"

Ushonaji haukutajwa tena.