Konstebo Anayetamani Mabati ya Mashimoni Yanyamaze

Saa mbili asubuhi, Ijumaa. Konstebo Wanzala anavuka reli kuingia Mashimoni, Kibera, akiwa na boksi la chaki na mkebe mtupu wa gundi. Hajafika kwenye kioski cha maji, mtoto anaokota jiwe na kugonga ukuta wa mabati. Mwingine anaitikia mbele. Milango inafungwa.

"Hiyo ndiyo kengele yangu," anasema, akijaribu kucheka. "Watoto wakiona polisi, wanapiga mabati ili wapishi wa chang'aa wamwage hiyo pombe haramu. Watajuaje kwamba mimi naenda shule?"

Tangu mwaka jana, 1996, mzaliwa huyu wa Busia huzunguka shule za Kibera na Kawangware akizungumza na wanafunzi kuhusu bangi, gundi na pombe. Hakupewa kitabu cha kufundishia. Mkebe aliuokota mtaroni.

Mwanzoni darasa la saba lilimkodolea macho tu. Wa kwanza kuuliza swali alikuwa Caren, msichana ambaye kaka yake hunusa gundi.

"Afande, mtu akitaka kuacha, aende wapi na asishikwe?"

Wanzala aliahidi kuleta jibu Ijumaa iliyofuata.

Ijumaa hiyo mabati yalilia kama kawaida. Nekoye, mama yake Caren, alimwaga pombe yote aliyopika. Alipochungulia nje, aliona polisi mmoja tu, na chaki zake.

"Majirani wananiuliza, 'Mama Caren, ulimwaga pombe kwa kuogopa mwalimu?'" anasema Nekoye, akisugua sufuria mlangoni pake. "Hiyo ndiyo ilikuwa fees ya shule ya huyu Caren. Na ni yeye alikuwa anamsifu huyo afande hapa kila siku. Asubuhi hiyo nilimzuia mlangoni asiende shule, na sasa kila Ijumaa anakaa nyumbani."

Wanzala alikuwa amekuja na jibu. Katika zahanati ya kanisa huko Kawangware kuna nesi anayepokea vijana wa gundi bila kuita polisi. Amekubali kumwona kaka yake Caren, mradi aletwe na mtu wa nyumbani.

"Darasa lote nimeliambia, lakini aliyeuliza hayupo," anasema konstebo. "Wenzake wanaogopa kumpelekea maneno ya polisi. Na nikibisha kwao, mtaa utasema Caren ndiye anayewauza. Kila nikiingia darasani naangalia dawati lake kwanza."

Nekoye hakuwa amesikia habari za nesi. Anapoelezwa na mwandishi wa habari hii, mkono unasimama ndani ya sufuria.

"Hawatamshika?"

Anatazama kitanda ambacho mwanawe hajakilalia juma zima. Kisha anarudia kusugua, polepole.

"Mwambie akuje Jumapili. Lakini hiyo kofia aache huko kwao. Chai itakuwa."

Ujumbe unamfikia Wanzala akifuta ubao. Anauliza mara mbili kama kweli alisema chai.

"Nitakwenda bila kofia," anasema. "Huyo kijana nitampeleka mimi na mama yake. Ila natamani siku moja nipite pale nikiwa nayo kichwani, na yule mtoto aliache jiwe lake chini."

Anaipangusa kofia vumbi la chaki, anaivaa, na kutoka. Kule chini, bati la kwanza linalia.