Mukabutera na Bastola Iliyotaka Kurudi Kwao

Itangazwe kwa heshima zote kwamba mtaa wa South End, Louisville, unayo hazina ya silaha za kale ambayo wataalamu wakubwa hawajawahi kuitia machoni. Hawajaiona kwa sababu iko chini ya sinki la jikoni, kati ya gunia la mchele na galoni la mawese.

Ni saa tisa na nusu alasiri. Mukabutera, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, ametoka ghalani, anakofunga maboksi kwa dola kumi na tisa kwa saa. Ananawa mpaka viwiko, kama mtu anayekwenda kukamua ng'ombe. Kisha anapiga magoti, anatoa bastola na kuilaza juu ya kitambaa cheupe.

Ina nakshi ya majani kutoka mdomoni hadi mpinini. Ubavuni imeandikwa: "Kwa Nahodha Thorne, kutoka kwa abiria aliowaokoa. Buffalo, 1868." Kifyatulio kimevunjika siku nyingi.

Anaipangusa vumbi tu. Kuisugua ing'ae ni mwiko.

"Ukisugua unafuta miaka," anasema, akichanganya na Kifaransa. "Bon, miaka ndiyo nilinunua."

Anazo nne, alizokusanya kwa miaka tisa, zote mbovu, kwa kuwa nzima ni za matajiri. Hii ya nahodha aliipata kwenye maonyesho ya vitu vya kale mjini Columbus, na ilimeza malipo ya Jumamosi zake kumi na mbili.

Msomaji akishtuka, ajue kanisa lilimtangulia. Mtu aliyekimbia bunduki katika milima ya Kivu ya Kusini, leo anakusanya bunduki? Pasta Ngarambe alifika na mashemasi wanne kuliombea sinki.

"Mama, uko unatayarisha vita gani?"

"Vita na vumbi, Pasta. Inama uombe, lakini usinimwagie mawese."

Yote yalianza alipoajiriwa kumtunza mzee mgonjwa. Siku moja mzee alimwonyesha bastola ya babu yake na kumsomea maandishi: fulani amempa fulani, kwa shukrani, mwaka fulani. Mukabutera aliketi sakafuni, akaomba asomewe tena.

"Zile zilikuja kwetu hazikukuwa na jina," anasema. "Mpaka leo sijui nani alimupiga baba. Hii inasema nani ametoa, nani amepokea, juu ya nini. Donc, kuna bunduki inasema asante?"

Kwao, shukrani kubwa ni ng'ombe. Ng'ombe wa zawadi hauzwi ovyo, na akipotea, aliyemwona humrudisha kwa wenyewe.

Ndiyo maana barua iliyofika Machi ilimpindua. Karatasi nzito, muhuri wa nta nyekundu, imetoka kwa Bibi Thorne wa Buffalo. "Tumeiona bastola ya nahodha wetu katika picha uliyopigwa nayo kwenye maonyesho," ilisema. "Ukoo wetu umeilia miaka mia na hamsini. Machozi yamejaza mapipa."

"Mapipa!" alimlilia kwa simu Uwase, binti wa mdogo wake, msichana wa miaka kumi na saba anayesoma shule ya bweni na likizo hukaa Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus. "Na mimi nimeifungia na mchele!"

Uwase alikohoa mara mbili.

"Mama mkubwa, pole pole. Labda ujibu kwanza kwa barua."

"Ng'ombe ya mutu haiandikiwi barua. Inapelekwa. Na wewe utakuja kunitafsiria."

Jumamosi iliyofuata alimpitia Reynoldsburg, gari likinukia chai ya maziwa. Uwase, ambaye mdomo wake kwa kawaida haujui likizo, alijifanya anasoma ramani ya simu. Kabla ya kufika Buffalo aliomba gari lisimame mara nne.

"Umekula nini, mutoto?"

"Hakuna kitu, Mama mkubwa."

Buffalo, mlango ulifunguliwa na bibi wa miaka themanini hivi, amevaa ndara za manyoya. Mukabutera alifanya kama alivyofundishwa na mama yake: alipiga goti, akainua zawadi kwa mikono miwili hadi usawa wa kifua.

Bibi aliona bastola. Alipiga yowe, akainua mikono juu.

Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa ameshatoa simu. Mukabutera hakuelewa. Alizidi kuinyanyua bastola ili bibi aione vizuri. Uwase alielewa: mwanamke mweusi, silaha mkononi, mlango wa mtu. Alijua polisi wakifika hawatauliza habari za ng'ombe.

"Ni mimi!" alipaza sauti kwa Kiingereza, akijitupa katikati yao. "Barua niliandika mimi! Ilikuwa mzaha! Imevunjika, hailii!" Kisha, kwa Kiswahili: "Mama mkubwa, iweke chini. Tafadhali. Hawajalia hawa. Huyu Thorne wa Buffalo nilimwokota tu mtandaoni."

Bastola iliwekwa chini. Bibi Thorne alishika ukuta, akavuta pumzi, akampungia jirani aache simu. Hakuwahi kusikia habari za nahodha yeyote. Jina ni la marehemu mumewe, mtu wa Texas. Lakini aliwapa maji.

Mukabutera hakufoka. Aliendesha saa tano nzima, mpaka Reynoldsburg, ndipo akazima gari.

"Barua bila jina ya kweli," alisema, "ni kama zile bunduki za kwetu. Inapiga, na mutu hajui nani."

Sasa mpango wake ni huu: kabla hajastaafu, bastola zote nne zifike kwa koo zake za kweli, akianza na ya nahodha. Uwase atapekua kumbukumbu na kuandika barua, safari hii za haki, na Mukabutera atazisaini mwenyewe. Tena Uwase atakiandika kisa hiki gazetini.

Mukabutera alisomewa makala haya kabla hayajatumwa. Alisikiliza hadi hapo juu, akakunja uso.

"Uwase, Uwase, kila pahali Uwase. Na anayeandika ni nani? Bado unajificha? Weka jina, kama kwa bastola."

Haya.

Kwa Mama mkubwa Mukabutera, kutoka kwa Uwase, niliyekosa. Reynoldsburg, 2025.